Tanki tupu huelea: maafa ya asili na kemikali ni jalada moja

Chukua tanki la mafuta la chuma, kipenyo mita 10, kimo mita 10, bati la milimita 6. Likiwa tupu lina uzito wa tani 20 na ushei. Sasa mafuriko yalizunguke. Kila sentimita 10 za maji zinalisukuma juu kwa nguvu ya karibu tani 8, kwa hiyo maji yakifika sentimita 30, chini ya goti la mtu mzima, tanki linang'oka kwenye msingi wake. Wala halihitaji kwenda mbali. Likisogea nusu mita tu, mabomba yanakatika kwenye maungio, na mafuta ya matanki jirani yanayotumia bomba hilohilo yanatoka na kuelea juu ya maji yanayoelekea kwenye nyumba za watu.

Hesabu hii ni ya darasani, lakini katika mipango mingi ya miji huioni popote. Sababu ni kwamba mafuriko yana jalada lake, liko kwa watu wa maafa, na kemikali zina jalada lao, liko kwa zimamoto au mazingira. Jalada la kwanza linahesabu mahema na mablanketi. La pili linahesabu matanki, na limeandikwa kana kwamba siku tanki litakapovuja jua litakuwa linawaka, barabara zitakuwa wazi, umeme utakuwepo na maji ya bombani yatakuwa na kasi. Msimamo wangu ni kwamba mji wenye majalada mawili hauna hata moja, maana janga la asili ndilo linalopasua matanki, na saa hiyohiyo linakunyang'anya kila kitu ulichopanga kutumia kuyaziba.

Mifano ipo. Mwaka 2005, kimbunga Katrina kilipozamisha eneo la New Orleans, tanki moja la mafuta ghafi kule Meraux lenye uwezo wa mapipa 250,000 lilikuwa na mapipa 65,000 tu ndani yake. Maji yalilisukuma kutoka mahali pake, mapipa yapatayo 25,000 yakamwagika, na nyumba takriban 1,800 zikapakwa mafuta. Mwaka 2017 kimbunga Harvey kilifika Crosby, Texas, kwenye kiwanda kilichohifadhi peroksaidi za kikaboni, kemikali ambazo zisipopozwa muda wote zinaanza kuchemka zenyewe na kuwaka. Umeme ulikatika, maji yakafikia jenereta za akiba, bidhaa ikahamishiwa kwenye matrela ya jokofu, na matrela nayo yakazidiwa. Mwishowe kilichobaki kilikuwa kuwaondoa watu ndani ya kilomita 2.4 na kuiacha iungue. Kinga zilikuwa nyingi, ila zote zilikuwa kwenye usawa mmoja wa ardhi, zikisubiri adui mmoja. Mpango ukikuambia "tuna kinga tatu", uliza kama kuna jambo moja linaloweza kuziua zote kwa pamoja.

Tetemeko lina tabia yake. Tarehe 17 Agosti 1999, karibu na Izmit nchini Uturuki, kiwanda cha kusafisha mafuta kiliwaka siku kadhaa huku bomba kuu la maji likiwa limekatika, na wazima moto wakalazimika kutegemea maji ya bahari na ndege. Upande wa pili wa ghuba, kule Yalova, tani zipatazo 6,500 za akrilonitrile, sumu inayowaka, zilitoka kwenye matanki yaliyopasuka. Na Machi 11, 2011, kwenye kiwanda kimoja mkoani Chiba, Japani, tanki la duara la gesi ya kupikia lilikuwa limejazwa maji kwa ajili ya ukaguzi. Maji ni mazito karibu mara mbili ya gesi hiyo ikiwa kimiminika. Tetemeko la kwanza likavunja vyuma vya mkingamo kati ya miguu ya tanki, lililofuata likaikunja miguu yenyewe, tanki likaanguka na kukata mabomba, na moto ukachukua siku 10. Miguu ilisanifiwa kwa uzito wa gesi, tetemeko likaikuta imebeba maji. Ndiyo maana orodha ya kemikali ya mji isiishie kwenye "kuna nini", bali iulize pia "kikiwa katika hali gani".

Orodha yenyewe

Kazi yote inaanzia hapa, na hapa ndipo uvivu huuma zaidi. Mwaka 2020 Beirut ilikuwa na tani 2,750 za nitrati ya amonia ghalani bandarini, zimekaa hapo miaka, na karatasi za kuzihusu zikizunguka maofisini. Jioni ya Agosti 4 zimamoto waliitwa kuzima moto wa ghala bila kuambiwa kilichomo, na ghala likalipuka. Tianjin, China, Agosti 2015, nako wazima moto walifika kwenye yadi ya makontena ambayo orodha yake haikuwa mikononi mwao. Jumla ya waliokufa na kupotea huko Tianjin ni 173, wengi wao wakiwa wazima moto. Mahali pote pawili habari ilikuwepo. Ila haikumfikia mtu aliyeshika bomba la maji.

Kwa kila ghala, kiwanda au kituo, andika: jina la kemikali na namba yake ya Umoja wa Mataifa ya tarakimu nne, kiasi cha juu kabisa kinachowahi kuwepo kwa siku moja, wala si wastani wa mwaka, aina ya chombo (mtungi, pipa, tanki la ardhini, tanki la juu), mahali hasa kilipo ndani ya uwanja, na nani ana ufunguo saa nane usiku. Kisha ongeza safu mbili ambazo fomu nyingi hazina. Ya kwanza: maji yakiifikia, inafanya nini? Kalsiamu kabaidi ikilowa inatoa asetilini inayolipuka. Vidonge vya alumini fosfaidi vinavyotumika kuulia wadudu wa nafaka vikilowa vinatoa fosfini, gesi inayoua. Unga wa klorini wa kutibia maji ukilowa na kuchanganyika na mafuta au tindikali unachemka na kutoa klorini. Hizi tatu zikiwa kwenye rafu ya chini ya ghala lililo bondeni, una bomu linalowashwa na mvua. Safu ya pili: umeme ukikatika kwa saa 24, kinatokea nini? Safu hii ndiyo inayokufichulia peroksaidi, majokofu ya amonia na pampu zinazozuia mashimo ya maji machafu yasifurike.

Viwanda vikubwa si shida sana kuvipata. Wanaosahaulika ni wadogo: mtambo wa maji wa mji wenyewe (klorini), kiwanda cha barafu na maghala ya baridi (amonia), mabwawa ya kuogelea, maabara za shule zenye chupa za tindikali ambazo hakuna anayekumbuka ziliagizwa lini, maduka ya viuatilifu, vituo vya kujazia gesi, na transfoma kuukuu zenye mafuta ya sumu. Na hospitali. Mwaka 1987 kule Goiânia, Brazili, mashine ya tiba ya mionzi iliachwa kwenye jengo la kliniki iliyohama. Waokota vyuma wakaibeba, wakaipasua, na unga wa sesiamu ukasambaa mitaani kwa sababu ulikuwa unang'aa vizuri gizani. Watu 4 walikufa. Kituo kikihama au kufilisika, mtu wa orodha aende siku hiyohiyo.

Usiisahau barabara. Kemikali nyingi hazikai mjini, zinapita. Weka watu wawili wawili kwenye njia kuu za kuingilia, zamu ya saa 24, siku ya kazi na siku ya mapumziko, waandike namba za vibao vya rangi ya chungwa, vinavyotaja kemikali iliyobebwa, vya kila lori linalopita. Zoezi hili ni rahisi na matokeo yake hushangaza, maana utagundua kitu kinachopita mara 40 kwa siku kando ya soko na hakuna mtu wa zimamoto aliyewahi kufunzwa namna ya kukikabili.

Sheria zilizotokana na vifo zinasaidia kuvunja ubishi wa wenye viwanda. Baada ya sumu kuvuja kiwandani Seveso, Italia, mwaka 1976, Ulaya ilitunga maelekezo yake mwaka 1982. Baada ya gesi ya kiwanda kuua maelfu Bhopal, India, mwaka 1984, Marekani ilitunga sheria mwaka 1986 inayowalazimisha wenye kemikali kuzitaja kwa kamati ya eneo lao na kwa zimamoto. Ukiambiwa "hiyo ni siri ya biashara", jibu ni kwamba siri inaweza kubaki kwenye kanuni ya kuchanganya, lakini jina na kiasi cha kilichomo ghalani si siri kwa atakayeingia humo na mtungi wa hewa mgongoni.

Kutoka orodha hadi ramani

Weka orodha juu ya ramani, kisha juu yake weka mstari wa mafuriko makubwa kuliko yote yanayokumbukwa, maeneo ya miteremko inayoporomoka, udongo wa mchanga uliojaa maji (ambao tetemeko huugeuza uji), na mwelekeo wa upepo wa mchana na wa usiku. Halafu chora njia zimamoto watakazopita. Ramani hizi kila moja peke yake zinapendeza. Zikipandana ndipo unapoona kwamba kituo cha zimamoto kiko ng'ambo ya daraja ambalo mafuriko hulifunga, au kwamba uwanja wa shule uliopangwa kupokea waliohamishwa uko mita 300 kutoka kwenye ghala la amonia, upande upepo unakoelekea.

Kwa kila tanki lililo ndani ya mstari wa mafuriko, mwenye nalo apewe hesabu yake kwenye karatasi moja. Petroli ina uzito wa kama asilimia 74 ya maji. Ikiwa maji yanatarajiwa kufika mita 2, mafuta ndani yawe na kina cha mita 2 gawanya kwa 0.74, yaani mita 2.7, na uzito wa chuma uuache uwe akiba yako. Dizeli ni nzito kidogo, kama asilimia 84, kwa hiyo itatosha mita 2.4. Kama hakuna mafuta ya kutosha, jaza maji. Ndiyo, utapata gharama ya kuyasafisha baadaye, lakini ni nafuu kuliko kusafisha mtaa mzima. Agizo hili litekelezwe tahadhari ya mvua inapotolewa, siku mbili au tatu kabla, kwa sababu kujaza tanki huchukua saa nyingi na pampu inahitaji umeme. Matanki madogo na mitungi ifungwe kwa mikanda ya chuma kwenye msingi wa zege. Mnyororo unaolegea haufai, maana tanki likianza kuyumba unakatika.

Ukuta wa kinga unaozunguka tanki nao una mtego wake. Kanuni ya kawaida ni kwamba ubebe asilimia 110 ya tanki kubwa kuliko yote lililomo ndani. Kwenye karatasi ni sawa. Uwanjani, ukuta huo una valvu ya kutolea maji ya mvua, na valvu hiyo ina hali mbili, zote mbaya. Walinzi wakichoka kuifungua kila mvua, wanaiacha wazi, na siku tanki likivuja ukuta unakuwa mapambo: mafuta yanatoka moja kwa moja kwenda mtaroni. Wakiiacha imefungwa bila kuiangalia, mvua inajaza ndani, na tumeshaona sentimita 30 zinafanya nini kwa tanki tupu. Dawa yake ni valvu iliyofungwa kwa kufuli, daftari la kila mara ilipofunguliwa, na mkaguzi anayeligusa kufuli kwa mkono wake.

Maji ya kuzimia ni sura nyingine inayosahaulika. Kiwanda cha kemikali kinapoungua, maji unayomwaga yanarudi kwako yakiwa sumu. Novemba 1, 1986 karibu na Basel, Uswisi, moto wa ghala la kemikali ulizimwa vizuri tu, ila maji yake yalibeba viuatilifu na zebaki hadi mto Rhine, na samaki wakafa umbali mrefu kuelekea chini. Kwa hiyo kila eneo lenye maghala liwe na njia ya kuziba mitaro: mifuko ya mchanga iliyokwisha jazwa, mapulagi ya mpira ya kupuliza, na ramani ya mitaro kwenye gari la zimamoto. Wakati mwingine uamuzi sahihi ni kuacha ghala liungue huku mkilinda majirani. Kamanda anayefanya uamuzi huo atalaumiwa asubuhi, hivyo uandikwe kwenye mpango mapema kwamba ana ruhusa.

Upande wa maji yenyewe, San Francisco ilijifunza mwaka 1906, tetemeko lilipokata mabomba na moto ukaula mji siku tatu. Baadaye ilijenga mfumo wa pili wa mabomba kwa ajili ya moto peke yake, na chini ya makutano ya barabara ikachimba matanki mengi ya maji yasiyoungwa na bomba lolote, ambayo mahali pake leo unapatambua kwa duara la matofali juu ya lami. Tanki la kawaida la aina hiyo lina lita karibu 284,000. Gari la zimamoto linalovuta lita 3,000 kwa dakika litafanya kazi dakika 90 na zaidi hapo. Mji usio na fedha za kujenga mfumo wa pili bado unaweza kuorodhesha mabwawa, visima, matanki ya mahoteli na mito, ukiandika kwa kila kimoja: gari linafika umbali gani, kina ni kipi msimu wa kiangazi, na kiunganishi chake kinaoana na bomba letu? Viunganishi visivyooana vimeshinda vikosi vingi kuliko moto wenyewe. Na kumbuka pampu haivuti maji kutoka kina kirefu: mita 6 au 7 ndio ukomo wa vitendo, hata uwe na gari jipya kiasi gani.

Mtungi wa klorini, kwa karibu

Nimechagua klorini kwa sababu miji mingi inayo bila kujiona kuwa mji wa kemikali. Mtambo wa maji hutumia mitungi midogo ya kilo 68 au ile mikubwa ya kulazwa, ya tani moja hivi, kilo 907. Ule mkubwa una valvu mbili upande mmoja. Ukilazwa sawasawa, valvu zikiwa moja juu ya nyingine, ya juu inatoa gesi na ya chini inatoa kimiminika. Tofauti hiyo ni kubwa mno: lita moja ya kimiminika ikitoka inakuwa lita zipatazo 460 za gesi. Ndiyo maana jambo la kwanza timu inalofanya ikikuta tundu chini ya mtungi ni kuuviringisha, tundu liwe juu, ili itoke gesi badala ya kimiminika. Bado unavuja, lakini unavuja kidogo sana, na mtungi unajipoza wenyewe na kupunguza kasi. Kwa mtungi wa kilo 68, simamisha wima kama valvu ndiyo inayovuja.

Kosa la kuepuka, na ni kosa la watu wenye nia njema, ni kumwagia maji tundu. Klorini na maji hutoa tindikali, tindikali inakula chuma, na tundu la msumari linakuwa tundu la kidole baada ya muda mfupi. Maji ya manyunyu yanaruhusiwa mbali na mtungi, kulisukuma wingu upande, si kwenye mtungi. Isipokuwa moto umeuzunguka: hapo upoze, kwa sababu vizibo vyake vya usalama vinayeyuka kwenye nyuzijoto 70 hadi 74 na kuachia kila kilichomo. Vifaa vya kuzibia vinauzwa kwa sanduku, kimoja cha mitungi midogo na kingine cha mikubwa, navyo haviingiliani. Sanduku likae nje ya chumba cha klorini, upande upepo unakotoka mara nyingi. Kulifungia ndani ya chumba chenyewe ni sawa na kuliweka chini ya tanki. Ukaguzi wa mwaka uangalie gasketi, kwa sababu mpira ndio unaozeeka kwanza.

Amonia ni kinyume chake. Maji yanainyonya vizuri, kwa hiyo pazia la maji linasaidia kukata wingu. Lakini usimwage maji kwenye dimbwi la amonia kimiminika: ni kama kuweka kuni chini ya sufuria, linachemka na kutoa wingu kubwa zaidi. Vitabu vinasema amonia ni nyepesi kuliko hewa, na ni kweli ikishapata joto. Ikitoka baridi kwenye bomba inatambaa chini kama ukungu, na ndiyo hiyo inayoua.

Dakika za kwanza, na hesabu ya hewa

Gari la kwanza lifike kutoka upande upepo unakotoka, na juu ya mteremko. Lisimame mbali, dereva atoe darubini. Kibao cha rangi ya chungwa kina sentimita 40 kwa 30 na kina namba mbili: ya chini ni ya kitu chenyewe (1203 petroli, 1017 klorini, 1005 amonia), ya juu ni ya hatari. Tarakimu ikijirudia, kama 33, hatari imezidi. Ikitanguliwa na herufi X, maji ni marufuku. Kabla hujajua ni nini, anza na kutenga mita 100 kila upande kwa gesi, 50 kwa kimiminika, 25 kwa kigumu. Tanki la lori la petroli likiwa ndani ya moto, rudi mita 800. La gesi ya kupikia, mita 1,600, na hapo hakuna ujasiri: chuma kilichopashwa moto sehemu isiyo na kimiminika nyuma yake hulainika na kupasuka, na vipande vinaruka mbali.

Halafu kanda tatu: nyekundu wanakoingia waliovaa mavazi kamili, ya njano ya kuogeshea wanaotoka humo, ya kijani ya kamanda na magari. Wawili wanaingia, wawili wamevaa na kusubiri kuwaokoa. Ikiwa kikosi kina suti mbili tu, hakina uwezo wa kuingia, na mpango uandike hivyo waziwazi badala ya kuwaachia vijana waamue wakiwa na joto la tukio.

Hewa ndiyo saa. Mtungi wa lita 6.8 uliojazwa kwa shinikizo la baa 300 una lita karibu 2,000. Mtu anayefanya kazi nzito ndani ya suti anavuta kama lita 60 kwa dakika, kwa hiyo ana dakika 33. Toa 6 za akiba, 2 za kufunga suti, 3 za kutembea mita 100 kwenda na 3 kurudi, 7 za kuogeshwa akiwa bado anapumua mtungi. Zimebaki 12. Kazi ya kufunga mtungi inayochukua dakika 20 kwenye mafunzo basi haifanyiki kwa jozi moja. Unahitaji jozi mbili zikipokezana, yaani watu wanane ukihesabu waokoaji, na mitungi 16 ukitaka akiba ya mmoja mmoja. Mipango mingi inaishia kwenye neno "timu itaingia na kuziba". Ifanyieni hesabu hii kwenye karatasi, muone timu mnayo au hamna.

Kukimbia au kujifungia

Hapa ndipo sioni sababu ya kunakili mipango ya nchi za baridi. Ushauri wa kawaida ni kwamba wingu la sumu likipita kwa muda mfupi, watu wajifungie ndani, wazime feni na viyoyozi, wazibe chini ya milango kwa nguo zilizolowa. Ni ushauri mzuri kwa nyumba iliyobanwa. Nyumba inayobadilisha nusu ya hewa yake kwa saa itakuwa na sumu kama asilimia 22 tu ya kiwango cha nje baada ya nusu saa. Lakini nyumba ya nchi ya joto yenye matundu juu ya madirisha na uwazi kati ya ukuta na bati inaweza kubadilisha hewa yote mara tano kwa saa. Aliye ndani yake baada ya dakika 12 ana asilimia 63, na baada ya nusu saa hana tofauti na aliye nje. Kwa hiyo mji upime: chukua mtaa mmoja kwa kila aina ya nyumba, uone kipi kinazibika. Mitaa isiyozibika itengewe jengo la karibu linalozibika, la ghorofa ikiwezekana, kwani klorini na gesi ya kupikia hukaa chini. Ghorofa ya pili inaokoa.

Wakikimbia, wakimbie kwa kukata upepo, kuelekea pembeni. Wanaokimbia na upepo wanakimbia pamoja na wingu. Usiku ni mbaya zaidi, hewa imetulia na haichanganyi. Majedwali ya umbali ya zimamoto yana safu mbili, mchana na usiku, na ya usiku mara nyingi ni mara mbili au zaidi. Na wingu likishapita, waliojifungia waambiwe wafungue madirisha haraka, kwa sababu sasa sumu iliyobaki iko ndani. Tangazo hili la pili karibu kila mpango unalisahau.

Matangazo yaandikwe kabla, kwa lugha wanayoisema watu nyumbani, yakiacha nafasi tatu tu za kujaza: mahali, mwelekeo, saa. "Kuna gesi ya sumu inayotoka eneo la ___. Walio upande wa ___ ingieni ndani, fungeni madirisha na milango, zimeni feni. Msitoke kuangalia. Tutatangaza tena saa ___." Na saa hiyo ikifika, tangazeni, hata kama hakuna jipya. Kimya ndicho kinachowatoa watu nje.

Hospitali ipate ujumbe wake tofauti, wenye jina la kemikali. Majeruhi wengi hawasubiri gari la wagonjwa, wanakuja wenyewe wakiwa na nguo zilizolowa, na wakiingia wodi ya dharura wodi inafungwa. Bomba la maji na pazia vikae nje ya mlango. Kuvua nguo peke yake kunaondoa sehemu kubwa ya sumu, kisha maji mengi na sabuni. Mifuko ya plastiki ya nguo na mashuka ya kujifunikia iwepo, la sivyo watu watakataa kuvua, na watakuwa na haki.

Zoezi linalouma

Mazoezi ya kuonyeshana, yenye mgeni rasmi na moshi wa rangi, hayana faida. Fanyeni mezani kwanza, watu 12, ramani moja, muda wa saa tatu, na mtu mmoja anayeondoa vitu: "daraja limekwenda", "simu hazishiki", "mkuu wa kikosi amezingirwa na maji nyumbani kwake". Utaona kwamba mpango umeandikwa kwa majina ya watu waliostaafu. Badilisha yawe vyeo, kila cheo na wasaidizi wawili. Utaona redio za zimamoto na za polisi haziko kwenye masafa mamoja. Kisha nendeni uwanjani usiku, bila taarifa, mpige simu zote zilizo kwenye orodha ya mawasiliano na mhesabu ngapi zimepokelewa ndani ya dakika 10. Halafu mwambieni mlinzi wa ghala lililo karibu na mto awaonyeshe valvu ya kufunga bomba kuu. Asimulie akiwa amesimama pale, na aigeuze. Valvu ambayo haijageuzwa miaka mitatu haigeuki kwa mkono wa mtu mmoja, na mkiikuta hivyo andikeni kwenye orodha, safu ya mwisho, tarehe ya kuja kuipaka grisi na jina la atakayerudi kuijaribu tena.